Nilivyozichanganya Nyumba za Boma Moja

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, soda na maneno matamu, halafu Beatrice wa chumba cha kompyuta akaniomba niandike niliyoyaona kazini tangu enzi za herufi za risasi. Nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa ni wiki ya tatu niko nyumbani, mke wangu amechoka kuniona nikizunguka jikoni nikifunua masufuria, kwa hiyo acha niandike. Lakini msitarajie kusoma nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa, nikashukuru, yakaisha.

Nilipoingia, kiwanda chetu cha uchapaji kilikuwa chumba kimoja hapa Kakamega mjini, chenye mashine mbili, moja ikiugua kila Jumatatu. Asubuhi ya kwanza Mzee Andayi, mkuu wa wapanga herufi, alinisimamisha mbele ya kasha, lile sanduku pana la mbao lenye vijumba vidogo, kila herufi na kijumba chake. Akaniambia nimletee A. Nikaanza kutafuta kona ya juu kushoto, kama mtu aliyemaliza shule. Mzee alinitazama, akaendelea kunywa chai yake mpaka ikaisha. A haikuwa kona ya juu. Ilikuwa katikati, karibu na mkono, kwa sababu Kiswahili na Kiluhya vinazila A kama karanga.

"Mpangilio wa shule ni wa shule," akasema. "Hapa tunapanganga kwa kazi."

Miaka mingi niliandika kadi za harusi, karatasi za mitihani, risiti za maduka, na zaidi ya yote programu za mazishi. Nyinyi mnaziona ni kazi ya haraka haraka: picha mbele, wimbo nyuma, mtu alipwe aende. Mzee Andayi hakuziona hivyo. Familia ikiingia, kabla hajauliza jina la marehemu, aliuliza, "Boma lina nyumba ngapi?" Ukiambiwa ni mbili, maana yake mzee alikuwa na wake wawili, na watoto wa mke wa kwanza wanaandikwa kwanza, wote mpaka kitinda mimba, ndipo uje nyumba ya pili. Hata kama nyumba ya pili ilitangulia kupata mtoto. Kifungua mimba wa nyumba kubwa ndiye anayesimama mbele ya jeneza akawasemea wenzake, awe na ndevu au asiwe nazo. Mgeni kutoka pwani anaweza kuona ni mambo madogo. Aje azikwe huku aone.

Mzee Andayi alistaafu wakati kompyuta ya kwanza inaingia, akasema hataki kujua ile televisheni inakula nini. Mimi niliitaka. Nilikuwa mfupi, mwepesi, na mwenye kiburi kidogo, na kwa miaka michache nilikuwa mimi peke yangu niliyejua kuiwasha bila kuiogopa. Ukitaka kunisifu wakati huo ulikuwa unaniambia tu, "Wewe na hiyo mashine ni kama ndugu." Ningekufanyia kazi bure.

Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini akaja Mwalimu Fidelis. Alikuwa akifundisha kompyuta upande wa Sigalagala, na mwenye kiwanda akamwomba aje kila Jumatano atufunze. Yeye ndiye aliyeleta XML, lugha ya kuhifadhi habari kwenye kompyuta, na pamoja nayo lugha ya pili, XSL, ambayo sheria zake zilikuwa bado zinaandikwa huko ng'ambo. Disketi aliyotuletea mwezi huu ilikuwa inakataa yale ambayo ya mwezi jana ilikubali. Mwalimu alikuwa anaomba msamaha kwa niaba ya watu asiowajua.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Katika faili ya XML kila kitu kinavaa lebo. Lebo ya boma inafunguka, ndani yake lebo ya nyumba, ndani ya nyumba lebo za watoto, kila mtoto na jina na mwaka wa kuzaliwa. Kisha nyumba inafungwa, inafunguliwa ya pili, hivyo hivyo, na mwisho boma linafungwa. Hiyo ndiyo ghala. XSL ni yule anayetumwa ghalani: unamwambia achukue nini, kwa mpangilio gani, naye anakutolea ukurasa unaosomeka. Ukibadilisha familia, maagizo yanabaki yale yale. Ukishaandika maagizo ya programu moja ya mazishi, umeandika ya wafu wote wa mkoa.

Jumatano moja Mwalimu Fidelis alichukua chaki akachora maduara mawili sakafuni. Akaniweka mimi na wenzangu wawili duara la kwanza, wengine watatu duara la pili.

"Hizi ni nyumba," akasema. "Nikisema, nenda nyumba moja moja, utoe watoto wa kila nyumba, naingia hapa, nawahesabu moja, mbili, tatu. Natoka. Naingia kule, naanza tena moja. Sawa?"

Tukasema sawa.

"Sasa nikisema, nipe watoto wote wa boma, popote walipo." Akapiga makofi. "Tokeni, mstari mmoja!"

Tukatoka, tukajipanga mstari mmoja, tuliokuwa duara la kwanza tukiwa mbele kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tumesimama.

"Mkiona, bado mnafuata mpangilio wa ghala. Mashine isipoambiwa kitu, inafuatanga vile ilikuta. Lakini maduara yako wapi? Yako chini, kwa chaki. Kwa mstari hayako. Mstari hauna vyumba ndani. Ukiweka orodha mbili pamoja, zinayeyuka zinakuwa moja, na namba ni ya mstari, si ya nyumba. Wewe," akamwonyesha fundi wa mashine ya kukata, "ulikuwa wa kwanza kwa duara lako. Hapa wewe ni wa ngapi?"

"Wa nne, Mwalimu."

"Sasa niwaambie mjipange kwa kimo."

Tukasukumana tukicheka, na mimi nikajikuta wa kwanza kabisa kwa ufupi wangu, fundi akaja nyuma yangu, na waliokuwa wenzangu wa duara wakatawanyika, mmoja katikati, mmoja mkiani. Nilicheka kuliko wote. Nikapiga hata saluti. Mwalimu alisubiri kelele ziishe, akasema kwamba kupanga hakugusi ghala, kunagusa kile kinachotoka tu, na ndiyo maana kosa lake halionekani ukitazama faili. Hayo niliyaandika kwenye daftari. Daftari ninalo mpaka leo. Ningekuwa nimeyasikia siku ile badala ya kuyaandika, singekuwa na hadithi hii.

Basi nikaandika maagizo yangu ya programu za mazishi. Katika lugha ile njia ya kwenda kwa kitu inaandikwa kwa mikwaju, vile vistari vya mshazari. Mkwaju mmoja ni kusema ingia mlango unaofuata: boma, kisha nyumba, kisha mtoto. Mikwaju miwili ni kusema tafuta popote ndani. Mimi niliweka miwili, kwa sababu ilikuwa fupi na ilifanya kazi. Nilijaribu kwa familia yangu mwenyewe, baba mmoja mama mmoja watoto saba, ikatoka safi. Halafu nikaongeza kupanga kwa mwaka wa kuzaliwa. Mtu aliyefiwa hasemi majina kwa utaratibu. Anataja walio karibu naye, anasahau, anakumbuka dada aliyeolewa mbali wakati tayari umefika kwa wajukuu. Mashine ikiwapanga wenyewe, kazi yangu inakuwa nyepesi. Kwa miezi mingi zikaja familia za nyumba moja, wengi watu wa kanisa, na kila mara watoto wakatoka kwa umri wao kama ngazi. Watu wakasifu. Nami nikaacha kuuliza boma lina nyumba ngapi, maana fomu ya kompyuta ilikuwa na nafasi ya nyumba na niliona hiyo inatosha.

Mama Rasoa alikuja siku ya Alhamisi. Mume wake, Mzee Nandwa, angezikwa Jumamosi nyumbani kwao upande wa Butere. Hakuja na mtu. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka kikapu chini, akasalimia kila aliyekuwa chumbani mmoja mmoja, mulembe, mulembe, mpaka mfagiaji. Kisha akauliza ni nani anaandika.

"Ni mimi, mama."

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Kwa hivyo nitakuambia, na wewe utashika. Mimi ndiye mke wa kwanza. Nilikaa miaka mingi bila mtoto, mzee akaoa Felista, Felista akazaa Wilson na Agneta. Ndipo Mungu akanikumbuka nikapata Zakayo, na wengine watatu. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Kuna watu kule nyumbani wanasema nyumba iliyochelewa kuzaa si nyumba kubwa. Mzee akiwa hai walisema chini chini. Sasa amelala wanasema juu. Yeye mwenyewe alisemanga Zakayo ndiye wa kwanza wake. Mimi sitaki kitu ingine. Nyumba yangu itangulie, Zakayo asomwe kwanza, watu wote wasikie. Ikisomwa pale kaburini, imeisha, hakuna mtu atanisumbua tena."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nikaandika akiwa amekaa karibu nami: nyumba ya kwanza, Zakayo na ndugu zake watatu, nyumba ya pili, Wilson, Agneta na wadogo zao watatu. Watoto tisa. Nilipomaliza nikamsomea yote kutoka kwenye kioo cha kompyuta, nyumba yake mbele, na yeye akafuatisha kwa vidole vya mkono. Akasema, "Hapo sawa. Haiwezi kubadilika?"

"Mama, hii si kalamu. Hii ni kompyuta. Haikosei."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Nilichomsomea ni ghala, na ghala ilikuwa sawa. Ijumaa nikaendesha maagizo, ukurasa ukatoka na picha nzuri ya mzee, nikatazama kama wino umekaa vizuri na kama picha haijapinda, nikapiga nakala mia tatu. Majina sikuyasoma. Nilikwisha kuyasoma siku iliyotangulia, sivyo?

Jumamosi nilizipeleka mwenyewe kwa pikipiki ya kiwanda, nikabaki, kwa sababu ukiacha mazishi ya watu kabla ya chakula unaonekana una haraka ya nini. Nilisimama karibu na hema. Msimamizi, mtu wa kanisa mwenye sauti nzito, akafungua programu na kuwaita watoto waje mbele mmoja mmoja kama walivyoandikwa.

"Wa kwanza, Wilson."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikafungua nakala iliyokuwa mkononi mwangu. Moja, Wilson. Mbili, Agneta. Tatu, Zakayo. Halafu mtoto wa huku, mtoto wa kule, mpaka tisa, mstari mmoja, bila neno nyumba popote.

Wilson mwenyewe hakusogea mara moja. Lazima niseme hivyo, maana hakuwa mtu mbaya. Alimtazama Zakayo aliyekuwa ameshika mgongo wa kiti cha mama yake, akawatazama wazee, na mmoja wao akamwashiria kwa kidevu aende. Akaenda.

Ndipo Mama Rasoa akasimama. "Anzeni tena," akasema. "Mmeruka nyumba."

"Mama, pole," msimamizi akasema, na akainua karatasi juu watu waione. "Ndivyo imeandikwa. Imetoka kwa kompyuta."

Watu wakaguna ule mguno wa kukubali. Wakati ule neno kompyuta lilikuwa na nguvu kuliko muhuri wa chifu. Mama Rasoa akageuza kichwa akitafuta katika watu, na najua alikuwa ananitafuta mimi, kwa sababu nilimwona na nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Viatu vyangu siku hiyo havikuwa na kamba. Ilikuwa ni kusema maneno matano tu: msimamizi, kosa ni langu, subiri. Msimamizi angesubiri. Wilson angerudi nyuma, pengine kwa furaha. Lakini mwenye kiwanda naye alikuwa amekuja kuzika, ameketi mstari wa pili, na nilikuwa nimemsifia mashine ile mwaka mzima. Nikaendelea kuinama. Zakayo akaitwa wa tatu akakataa kwenda mbele, na Wilson ndiye aliyewasemea watoto.

Chakula sikula. Hiyo ndiyo adhabu niliyojipa, na ilikuwa ndogo.

Jumanne Mama Rasoa akaingia kiwandani. Hakusalimia wote safari hii. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Nilikuambia nini?"

"Nyumba yako itangulie, mama."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Niliandika vile ulisema. Ni mashine ilichanganya."

"Mashine inanijua mimi?"

Akaniambia nifungue hiyo mashine nimwonyeshe. Nikafungua faili. Pale pale, na lebo zake, nyumba ya kwanza ilikuwa imekaa juu kama alivyoisema. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa ni nani?"

"Zakayo."

"Juu ya Wilson?"

"Juu yake."

"Kwa hivyo alikuwa hapa, na mtu akamtoa akampeleka chini."

"Ndiyo, mama."

"Huyo mtu ni nani?"

Nikamwambia tena ni mashine. Mara ya pili. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba nilituma mtu akaokote watoto wote popote walipo, kisha nikamwambia awapange kwa umri. Kila agizo peke yake halikuwa na ubaya. Bila kupanga, wangefuata ghala na nyumba yake ingekuja mbele, na kama ningemwambia aingie nyumba moja moja, kupanga kungebaki ndani ya kila nyumba. Niliyaweka pamoja na sikuangalia. Kurekebisha kulinichukua muda wa kunywa chai: ingia nyumba moja moja kama zilivyo, na ndani ya nyumba ndipo upange watoto wake. Yeye akiwa amekaa pale, nikatoa nakala ishirini zilizo sawa. Akataka kuondoka nazo. Nikamwambia ziache zikauke vizuri, nizikate kingo, nitaleta mwenyewe na kuwaeleza wazee wa boma kwamba kosa lilikuwa la kiwanda.

"Utakuja lini? Wanakaa kikao cha familia wiki ijayo."

"Kabla ya hapo, mama."

Sikwenda kabla ya hapo. Kulikuwa na karatasi za mitihani za shule, hiyo ni kweli, lakini hata zisingekuwapo ningetafuta sababu nyingine. Niliogopa. Nilikwenda wiki ya nne, kwa pikipiki ile ile ya kiwanda.

Kikao kilikuwa kimepita. Wazee walikuwa wameshika ile programu, wakasema aliyesomwa kwanza ndiye wa kwanza, na Wilson akapewa kiti cha baba yake. Zakayo alibishana nao mpaka sauti ikakauka, kisha akachukua mke na watoto akahamia Lugari, alikopata shamba la kulima mahindi. Haya nilielezwa na Mama Rasoa mwenyewe, mbele ya jiko lake, akichambua mboga, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za majirani. Alikuwa amebaki peke yake upande ule wa boma.

Nikatoa zile nakala ishirini kwenye mkoba. Hakuzipokea.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Nisomee."

Nikasoma. Nyumba ya kwanza, Mama Rasoa. Moja, Zakayo. Nikaendelea mpaka wanne wakaisha, nikasema nyumba ya pili, Mama Felista, moja, Wilson, nikaenda hadi mwisho. Aliacha kuchambua mboga wakati wote nilipokuwa nikisoma. Nilipofika mwisho akapangusa mikono kwa leso.

"Umesoma vizuri," akasema. "Sasa vuka hapo kwa Felista. Leo wako wote, Wilson yuko, wazee wamekuja kula ingokho, kuku wa wageni. Wasomee vile umenisomea mimi. Uwaambie ni wewe."

"Sawa, mama. Nitapitia hapo nikienda."

Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na ua wa michongoma na njia moja ya kutokea barabarani, inayopita kwenye lango la Felista. Nilipokaribia nilisikia sahani, nikasikia Wilson akicheka na mtu, na yule mzee aliyeashiria kwa kidevu alikuwa ameketi nje akielekea njia. Akainua mkono kunisalimia. Nikainua wangu. Sikupunguza hata gia. Niligeuka mara moja tu, nilipofika barabara kubwa, na Mama Rasoa alikuwa bado amesimama nje ya jiko lake, leso mkononi, mahali ambapo lango lile lilionekana vizuri.